Kuanzisha lugha ya mama Gredi ya 1 hadi 3: mwongozo kwa mwalimu mkuu na bodi ya shule

Sera Kenya tunayo. Kamati ya elimu ya Gachathi mwaka 1976 ilipendekeza mtoto wa darasa la kwanza hadi la tatu afundishwe kwa lugha inayozungumzwa katika eneo la shule, na Kiingereza kichukue nafasi hiyo kuanzia darasa la nne. Mfumo wa mtaala wa umilisi wa 2017 umesema karibu hayohayo, na Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inaitaka serikali ikuze na kulinda lugha za Wakenya. Kwa hiyo mwalimu mkuu anayetaka kufundisha watoto wadogo kwa lugha ya kwao haombi ruhusa ya mtu. Anatekeleza kilichoandikwa.

Kinachokosekana ni vitabu vya kutosha, mwalimu anayeweza kuiandika lugha hiyo, na ratiba inayoipa nafasi ya kweli. Ratiba ya sasa ya Gredi ya 1 hadi 3 ina vipindi viwili tu kwa wiki vya lugha ya kiasili, nusu saa kila kimoja. Hicho ni kipimo cha somo. Lugha ya kufundishia ni kitu kingine: ndiyo lugha ambayo mtoto anaelezwa kujumlisha, anaulizwa kwa nini mbegu haikuota, anakanywa asimpige mwenzake. Shule nyingi hutekeleza vile vipindi viwili, na pengine hata hivyo viwili huliwa na hisabati wiki ya mtihani, kisha zikasema zinafundisha kwa lugha ya mama. Mwongozo huu unahusu hicho kitu cha pili. Mifano mingi ni ya Pwani kwa sababu ndiko ninakokujua zaidi.

Hatua ya kwanza: ondoeni adhabu

Kabla ya kitabu na kabla ya mkutano wa wazazi, ulizeni kama kibao bado kipo. Wengi wetu tunakijua: mtoto akinaswa akizungumza kikwao anavishwa kibao shingoni, na ili akivue sharti amnase mwenzake. Desturi hii ni ya tangu ukoloni. Walimu wakuu wengi watakuambia iliisha zamani. Usiwaulize wao, waulize watoto wa Gredi ya 5. Mahali pengine imebadili sura tu: kiranja ana orodha ya majina, au kuna shilingi tano za faini, au mtoto anapigishwa magoti nje ya ofisi.

Futeni kwa tangazo kwenye gwaride la asubuhi, kwa lugha ya watoto wenyewe, na mwalimu wa zamu alisimamie. Ondoeni na bango la langoni linaloamuru Kiingereza tu. Hamwezi Jumatatu kumfundisha mtoto kusoma kwa Kigiriama na Jumanne kumwadhibu kwa kukisema.

Hatua ya pili: sikilizeni watoto wanasema lugha gani

Kosa la kawaida hapa ni kuhesabu makabila. Karani anachukua daftari la uandikishaji, anaangalia majina ya ukoo, anatangaza kwamba shule ni ya Wachonyi. Majina hayasemi mtoto analala na kuamka na lugha gani. Mtoto wa baba Mchonyi na mama Mgiriama aliyelelewa na nyanya yake mjini Mtwapa huenda lugha yake ya kwanza ni Kiswahili, na si Kiswahili cha kitabuni.

Fanyeni hivi. Wiki mbili za kwanza za muhula, mwalimu wa PP2, mwaka wa pili wa chekechea, na wa Gredi ya 1 wakae na watoto mmoja mmoja kwa dakika chache wakiwa na picha yenye mambo mengi: soko, shamba, kisima. Mwalimu aanze na lugha anayodhani ni ya mtoto, amwombe asimulie anachoona. Aandike mambo matatu tu: mtoto alijibu kwa lugha gani, alisema sentensi nzima au neno mojamoja, na alihamia lugha gani alipokwama. Kisha wakati wa mapumziko mwalimu asimame karibu na uwanja bila daftari na asikilize. Mtoto anapogombania mpira hachagui lugha.

Mkimaliza mtakuwa katika mojawapo ya hali tatu. Kama karibu darasa zima linaelewana kwa lugha moja, kama ilivyo vijijini Ganze, Kinango au Mwatate, hiyo ndiyo lugha yenu. Kama mna lugha mbili au tatu za karibu, kwa mfano Kigiriama, Kichonyi na Kijibana, chagueni ile yenye maandishi zaidi na mwacheni kila mtoto ajibu kwa yake. Lugha tisa za Wamijikenda zinasikilizana vya kutosha kwa kazi ya Gredi ya 1, ingawa wazee wa kila upande watataka kusikizwa kabla hamjaamua. Kama shule iko Kisauni, Changamwe au mji wowote ambako watu wamechanganyika, lugha ya eneo lenu ni Kiswahili, na sera inasema hivyo tangu 1976. Fundisheni kwa Kiswahili kwa kila kitu, si kwa Kiingereza kilichonyunyiziwa Kiswahili. Hakuna aibu katika hilo, na kwa shule ya mjini mwongozo huu unaweza kuishia karibu na hapa, isipokuwa sehemu ya kuvuka kwenda Kiingereza.

Ufilipino ilijifunza jambo hili kwa gharama. Kuanzia mwaka wa shule wa 2012 ilizitaka shule zote za umma zifundishe kwa lugha ya mama hadi darasa la tatu, kwa lugha ambazo zilifika 19. Madarasa yenye watoto wa lugha nyingi yakashindwa kujua lugha ipi ni ya mama wa nani, vitabu havikutosha, na Oktoba 2024 sheria ikafuta ulazima huo, ikabakiza ruhusa kwa madarasa ambayo watoto wote wana lugha moja. Wangeanza na madarasa ya namna hiyo tangu mwanzo, nadhani mengi yangenusurika.

Hatua ya tatu: mpateni mwalimu anayeiandika lugha, si anayeizungumza tu

Waiteni walimu wote wa madarasa ya chini. Wasomeeni aya fupi ya lugha mliyochagua, waiandike kama imla. Kisha wapeni ukurasa uliochapwa wausome kwa sauti. Mtashangaa. Mwalimu aliyezaliwa Bamba, anayetania kwa Kigiriama tangu asubuhi, atasoma Kigiriama polepole kuliko Kiingereza, kwa sababu hakuna aliyewahi kumfundisha. Hilo hurekebishika. Wiki moja ya likizo, saa tatu kwa siku, kusoma kwa sauti na kuandika hadithi fupi, inatosha kumtoa mtu hapo. Mwalimu asiyeijua lugha kabisa hawezi kurekebishwa kwa wiki moja, hata akiwa hodari kiasi gani.

Hapa ndipo TSC, tume inayoajiri walimu, inaingia. Mwaka 2018 tume hiyo ilianza kuwahamisha walimu wakuu na wengine nje ya kaunti zao, na ingawa wengi walirudishwa baadaye, bado mwalimu wa Gredi ya 1 anaweza kuwa Mkisii aliyepangiwa Magarini. Si kosa lake. Shule haiajiri wala haihamishi, lakini mwalimu mkuu ana uwezo mmoja ambao wengi hawautumii: kupanga nani afundishe darasa gani. Mhamishe mzungumzaji kutoka Gredi ya 5 ashuke Gredi ya 1, na huyo mgeni apande. Atakayeshushwa atanung'unika, kwa kuwa huku kwetu madarasa ya chini huonekana ni mahali pa kumtupa mwalimu dhaifu. Mwambieni ukweli kwamba mnampeleka huko kwa sababu yeye ndiye mnayemhitaji. Kisha andikeni barua kwa mkurugenzi wa TSC wa kaunti ndogo mkieleza mpango wenu na kuomba walimu wa Gredi ya 1 hadi 3 wasiguswe kwa miaka mitatu. Huenda msijibiwe. Nakala ibaki kwenye faili.

Pale ambapo hakuna njia, bodi iweke msaidizi wa kijiji: kijana aliyemaliza kidato cha nne, anayeijua lugha, akae darasani na mwalimu aliyesajiliwa. Mwalimu ndiye anayepanga somo, msaidizi ndiye anayelieleza. Si suluhisho zuri, na posho yake itakuwa ugomvi wa kila mkutano wa bodi.

Hatua ya nne: tahajia

Msianze kuandika hata ubao mmoja kabla hamjakubaliana namna ya kuandika. Lugha za Kenya ni zaidi ya 60, na nyingi kati ya zinazotumika shuleni zina tahajia iliyoshakubaliwa. Kazi yenu ni kuitafuta na kuifuata, si kubuni ya shule. Ulizeni kwanza KICD, taasisi ya taifa ya mitaala, kwa kuwa imeandaa miongozo ya mtaala ya lugha za kiasili. Shirika la BTL, linalotafsiri Biblia, limefanya kazi kubwa ya tahajia kwa Kidigo, Kiduruma, Kigiriama, Kipokomo, Kisabaot na nyingine. Angalizo moja kwa Kwale: Wadigo wengi ni Waislamu. Chukueni tahajia, msichukue maandiko ya kanisa kuwa kitabu cha kusomea darasani, la sivyo mradi utakufa msikitini Ijumaa ya kwanza.

Mambo yatakayoleta ubishi yanajulikana mapema. Gĩkũyũ na Kikamba vina ĩ na ũ, na walimu huziacha alama hizo kwa kuwa simu zao hazina. Waambieni wasiziache: mtoto anayejifunza kusoma anazihitaji kuliko mtu mzima anayebahatisha kutokana na muktadha. Dholuo ina irabu tisa zinazoandikwa kwa herufi tano, na toni haiandikwi. Hapo mwalimu asome sentensi nzima kabla ya kumsahihisha mtoto kwa neno moja. Kidigo kina ts, dz na ph, sauti ambazo mtoto anazitamka tangu utotoni na herufi zake zinaingia kwa urahisi mradi zifundishwe kama kitu kimoja, si herufi mbili zilizokaa jirani.

Lahaja ni ubishi wa aina nyingine. Wazee watasema lile neno ni la ng'ambo ya mto. Kanuni iliyofaa mahali pengi ni kuandika neno linalojulikana na watoto wengi, na la pili likatajwa kwa mdomo. Mkitaka kumridhisha kila ukoo mtachapa kamusi badala ya kitabu cha Gredi ya 1.

Hatua ya tano: vitabu, na hapa msiharakishe

Nina sharti moja ambalo nalisimamia kuliko yote katika mwongozo huu: msianze Gredi ya 1 kabla hamjaona kitu cha kusoma cha Gredi ya 2. Shule huanza kwa shangwe na kitabu kimoja cha herufi, watoto wanakimaliza Julai, na kuanzia hapo wanakariri. Mtoto akishajua herufi anahitaji maandishi mengi na mepesi, tena mapya.

Vitabu vya kiada sharti viwe vimeidhinishwa na KICD, basi ombeni orodha ya vilivyoidhinishwa kwa lugha yenu na agizeni hivyo. Shule kongwe ifungue makabati: huenda vikapatikana vitabu vya TKK, Tujifunze Kusoma Kikwetu, vilivyotolewa na taasisi hiyohiyo ilipokuwa bado inaitwa KIE. Picha zake ni za zamani na baadhi ya mambo yake yamepitwa, lakini maneno ni mazuri. Kwa hadithi za picha, mtandao wa African Storybook, ulioanzishwa na shirika la Saide la Afrika Kusini, una hadithi fupi kwa lugha nyingi za Kiafrika, zikiwemo kadhaa za Kenya, na leseni yake inaruhusu kuzichapa na kuzitafsiri bure. Hadithi ambayo haipo kwa lugha yenu mnaitafsiri wenyewe na kuichapa.

Zilizobaki tengenezeni. Chukueni karatasi za manila na kalamu nene, hadithi ya kurasa nane, sentensi moja kila ukurasa, maandishi makubwa yanayoonekana kutoka dawati la nyuma. Mwalimu asiziandike peke yake. Siku ya soko mwiteni bibi mmoja asimulie hadithi mbele ya Gredi ya 3, watoto waiseme upya, mwalimu aandike maneno yao ubaoni, wenye mkono mzuri wanakili na kuchora. Kitabu cha namna hiyo kina lugha ya kweli. Kitabu kilichotafsiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza na mwalimu aliyechoka saa nne usiku hakina, na watoto wanajua tofauti kabla yako.

Kila kitabu kipite kwa wasomaji wawili: mmoja anayejua tahajia, mwingine mzee asiyejali tahajia ila anajua kama mtu husema hivyo. Kisha kisomwe na mtoto mmoja asiyekijua. Akikwama mahali palepale ambapo mwenzake alikwama, sentensi ndiyo mbaya. Msiviite vitabu vya kiada. Viandikeni "vya ziada", na afisa wa mtaala wa zoni, yule mnayemwita CSO, aoneshwe mapema asije akavikuta kwa bahati mbaya.

Hatua ya sita: mkutano wa wazazi

Wazazi watapinga. Mzazi anayelipia mtoto wake wa pili shule ya kibinafsi kwa sababu huko wanasema Kiingereza tangu chekechea amepiga hesabu yake sawasawa: mitihani ni kwa Kiingereza, kazi ni kwa Kiingereza, na lugha ya nyumbani mtoto ataipata nyumbani bila malipo. Usimjibu kwa "mkataa kwao ni mtumwa". Hakuja mkutanoni kutukanwa, na si mtumwa.

Mjibu kwa mambo matatu. La kwanza, kwamba Kiingereza hakiondoki. Kinafundishwa kila siku kama somo, na ratiba iko ukutani, asome mwenyewe. La pili ni kuonesha. Mpe mtoto wa Gredi ya 2 aya ya Kiingereza aisome mbele ya mkutano, kisha muulize kwa lugha ya kwao imesema nini. Mara nyingi ataisoma vizuri na kunyamaza kwenye swali. Mchague mtoto mchangamfu asiyeaibika, na baada yake mpe aya ya kikwao aifurahie, asije akarudi kwao na aibu. Wazazi wataona wenyewe kwamba mtoto anatamka maneno asiyoyaelewa, na hilo halihitaji hotuba.

La tatu ni kutoahidi uongo. Katika PRIMR, mradi wa majaribio wa kusoma na hisabati madarasa ya chini, ambao ndio uliozaa mpango wa kitaifa wa kusoma, Tusome, mwaka 2015, watafiti walijaribu kufundisha kusoma kwa Kikamba kule Machakos na kwa Lubukusu kule Bungoma. Watoto walisoma lugha zao vizuri zaidi na kuelewa zaidi. Kwa Kiingereza na Kiswahili, hata hivyo, hawakuwazidi wenzao waliopata mafunzo yaleyale bila lugha ya mama, na kwa hisabati walikuwa chini kidogo. Watafiti walipochungulia madarasa waligundua kwamba walimu wa kundi la lugha ya mama walikuwa hawaitumii sana katika masomo mengine: waliifundisha kwenye kipindi chake, kisha wakarudi kwa Kiingereza kama kawaida. Mwambie mzazi hivyo hivyo. Ukimwahidi kwamba lugha ya mama itamfanya mwanawe awe wa kwanza kwa Kiingereza kufikia Gredi ya 3, atakuja na matokeo mkononi. Ukimwambia kwamba mtoto ataelewa anachosoma, ataweza kuuliza swali darasani, na hatachelewa kwa Kiingereza, hiyo ni ahadi unayoweza kuitimiza.

Andikeni kumbukumbu za mkutano na wenye kupinga wasikike ndani yake. Mkiandika tu kwamba wote walikubali, Mei watakuja ofisini waliokataa.

Hatua ya saba: ratiba na mgawanyo wa lugha

Anzeni na Gredi ya 1 peke yake, na mwaka unaofuata mpande nayo. PP1 na PP2 hazihitaji mradi. Zinahitaji tu mwalimu aache kuimbisha watoto siku za wiki kwa Kiingereza asubuhi nzima na badala yake azungumze nao.

Mtaala una kusoma Kiingereza na Kiswahili tangu Gredi ya 1, na hamwezi kuyafuta. Mnachoweza ni kutanguliza na kuchelewesha. Muhula wa kwanza, wiki za mwanzo, vipindi vya Kiingereza viwe vya kusikiliza na kusema: maagizo, nyimbo, majina ya vitu, salamu, na kitabu kikiwa wazi kwa ajili ya picha zake. Kusoma kuanzie lugha ya mama. Kwa lugha za Kibantu kusoma Kiswahili kutafuata kwa haraka, maana herufi na silabi karibu ni zilezile. Mtoto aliyeshika kusoma madzi hana shida na maji. Kwa Dholuo, Ng'aturkana au Kirendille ipe Kiswahili muda zaidi, kama lugha ya pili kweli kweli.

Hisabati na mazingira ndiyo mahali ambapo mradi unasimama au unaanguka, kama Machakos na Bungoma zilivyoonesha. Kitabu ni cha Kiingereza, mwalimu anashawishika kukifuata. Agizo liwe wazi: maelezo, maswali na majibu ni kwa lugha ya mama, majina machache ya lazima yanaandikwa ukutani kwa lugha tatu, kila lugha na rangi yake. Msibuni istilahi ngumu. Kwa kuhesabu tumieni namba ambazo mtoto anatumia dukani. Kama anajua fungahe, saba ya Kigiriama, vizuri, sawa, na kama dukani anasema saba, saba itamfaa, na fungahe ajifunze kwenye kipindi cha lugha. Nimeona ubishi wa saa nzima juu ya jina la pembetatu ilhali watoto wamekaa na vijiti mkononi wakingoja kuambiwa waviunge.

Afisa akija kukagua atataka kuona mpango wa somo kwa Kiingereza. Uandikeni kwa Kiingereza. Karatasi ni ya afisa, maelezo ni ya mtoto.

Hatua ya nane: kuvuka kwenda Kiingereza bila kuvunja mguu

Kaskazini-magharibi mwa Cameroon, wilaya ya Boyo, shule 12 zilianza mwaka 2007 kufundisha kwa Kikom, lugha ya huko, miaka mitatu ya kwanza. Watoto hao waliwapita wenzao wa shule za Kiingereza, hata kwenye majaribio ya Kiingereza chenyewe. Kisha wakahamishiwa Kiingereza darasa la nne, na tofauti ile ikaanza kupungua. Uganda nayo, ilipoleta mtaala wake wa mada mwaka 2007, ililitenga darasa la nne liwe la mpito. Sisi hatuna mwaka kama huo. Gredi ya 3 inafungwa Novemba kwa lugha moja, Gredi ya 4 inafunguliwa Januari kwa nyingine.

Basi daraja lijengeni wenyewe, kuanzia muhula wa pili wa Gredi ya 3. Kila juma chagueni mada moja ya mazingira ifundishwe kwa lugha ya mama, na juma linalofuata irudiwe kwa Kiingereza. Mtoto anakutana na maneno mapya juu ya jambo analolijua tayari, hakutani na vyote viwili vipya kwa pamoja. Fundisheni waziwazi kwamba Kiingereza hakisomwi kwa silabi kama kikwao. Mtoto aliyezoea herufi moja sauti moja atasoma neno come kama kome, naye hajakosea kwa kanuni anazozijua. Mwambieni hivyo kabla hajachekwa.

Gredi ya 4, mwalimu wa sayansi na wa hisabati watenge dakika tano za mwanzo kueleza somo la leo kwa lugha ya mama au Kiswahili, somo liende kwa Kiingereza, na dakika tano za mwisho watoto waseme kwa lugha yao wameelewa nini. Endeleeni hivyo hadi Gredi ya 5 mkiweza. Mwalimu huyo wa Gredi ya 4 naye aingizwe kwenye mpango tangu mwaka wa kwanza, maana akiachwa nje ndiye atakayesema kwamba watoto wa lugha ya mama wamekuja hawajui kitu.

Hatua ya tisa: pimeni wenyewe

Mwisho wa kila muhula, kila mtoto asome kwa dakika moja aya ya maneno 60 hivi, lugha ya mama, kisha Kiswahili, kisha Kiingereza, na baada ya kila moja aulizwe maswali matano kwa lugha anayoijua zaidi. Hesabuni maneno sahihi na majibu sahihi. Aya isitoke kwenye kitabu walichosoma. Apime mwalimu wa darasa lingine, si wa darasa hilo, kwa sababu zilizo wazi.

Namba ya kuangalia kwanza ni majibu, si kasi. Ikiwa Novemba ya Gredi ya 1 mtoto anasoma kikwao lakini hajibu swali la kikwao, basi mmemfundisha kukariri kwa lugha nyingine, na tatizo ni mbinu. Ikiwa wengi hawasomi neno hata moja, rudini kwenye vitabu na kwa mwalimu kabla hamjapanda Gredi ya 2. Mwaka mmoja wa kungoja hauna hasara kubwa. Matokeo yabandikwe ofisini, bila majina ya watoto.

Hatua ya kumi: faili

Miradi mingi ya aina hii ni ya mwalimu mkuu mmoja. Akihamishwa, anayekuja anakuta karatasi za manila ukutani na hajui ni za nini. Wekeni faili moja, nakala moja ofisini na nyingine kwa mwenyekiti wa bodi: matokeo ya kusikiliza watoto, uamuzi wa lugha na sababu zake, tahajia mnayofuata, orodha ya vitabu na viliko, kumbukumbu za mikutano, barua kwa TSC, matokeo ya kila muhula. Mwalimu mkuu mpya akaribishwe na bodi katika juma lake la kwanza, apitishwe faili ukurasa kwa ukurasa, kisha apelekwe Gredi ya 1 akasikilize kipindi cha hisabati. Kama haijui lugha ya hapo, akae karibu na msaidizi.